Ubao Chini ya Nailoni

Jumatatu, Machi 10

Frankline,

Mvua imeanza leo, na kabla ya kuanua nguo nilikimbilia ubao wako. Nimeufunika kwa ile nailoni nzito uliyokuwa ukitandika chini wakati wa kupaka rangi mabango ya watu, ile yenye matone ya kijani ya duka la nyama la Zacchaeus. Nimeifunga kwa kamba juu na chini. Maandishi hayajalowa.

Nimeamua nitakuandikia mpaka mvua hizi ziishe. Jirani yetu Adero ameniambia mtu aliyefiwa aseme, asikae na maneno tumboni. Adero mwenyewe husema tangu jogoo wa kwanza mpaka taa zizimwe, na sijaona amepona nini. Lakini kwa kuwa hapa Nyamasaria simwoni wa kuongea naye ambaye simdharau, nitaongea na wewe.

Jumanne, Machi 11

Mvua. Ubao salama.

Alhamisi, Machi 13

Wazee wenu wametuma neno kutoka Kano kwamba mimi mjane nisiingie nyumba ya mtu yeyote wala nisiuze sokoni mpaka wao waje kuniachilia kwa taratibu zao. Lini? Hawakusema. Wazee wenu walifika upesi sana siku ya nyama ya matanga. Siku ya kazi magoti yanawauma.

Kwa hiyo siuzi mchele. Magunia yamekaa chumbani, na mimi nimekaa barazani nikitazama njia ya watoto wa shule na mbao zako za mabango zilizoegemea ukuta. Kuna moja hukuimaliza: "SAMAKI SAFI KWA", halafu basi. Mwenyewe amekuja kuuliza kama atarudishiwa mbao yake. Nimempa. Ataijaza mwenyewe na mwandiko wake wa miguu ya kuku.

Ubao wa watoto hakuna atakayeuliza. Huo ni wako. Uliupigilia misumari mwenyewe kwenye nguzo mbili hapa njiani, ukaupaka rangi nyeusi, na kila jioni ukaandika jambo moja ili wapite asubuhi walisome. Kwamba pweza ana mioyo mitatu. Kwamba kiboko haogelei, hutembea chini ya maji kama mtu anayekwenda sokoni. Kwamba meli ya kwanza ya mvuke ya ziwa hili ililetwa kutoka Mombasa vipande vipande, ikaungwa hapa Kisumu kama kitanda. Kwamba samaki kamongo, maji yakikauka, hujizika katika tope, hupumua kwa kitundu, na hulala miezi mingi hadi mvua imwamshe.

Nilikuuliza siku moja kwa nini unatumia chaki na rangi umejaza chumba kizima. Ulisema rangi ni ya biashara, chaki ni ya watoto. Nikadhani unabana matumizi.

Na hili ndilo la mwisho uliloandika, Ijumaa ile ya Februari, kabla ya moyo wako kusimama Jumamosi asubuhi mimi nikiwa sokoni Ahero nimekaa nyuma ya magunia:

"Je, wajua? Ziwa letu halijakauka hata mara moja tangu dunia iumbwe."

Ile herufi yako ya jei yenye mkia mrefu bado inaonekana vizuri. Hakuna atakayeifuta nikiwa hai.

Jumamosi, Machi 15

Tangu tuoane, ukiacha zile za matanga, sijawahi kuwa hapa Jumamosi. Jumamosi ni Ahero. Kumbe ndiyo siku watoto huja.

Walikuja kama saa tatu, kundi, mbele yao Debra wa Adero, yule mrefu mwenye goti lenye kovu. Walisimama mbele ya nailoni. Nikadhani wanataka kusoma, nikaifunua. Walisoma. Debra akawatazama wenzake, wenzake wakatazama vidole vya miguu. Tom, mtoto wa fundi wa baiskeli, akasafisha koo kama mbunge, halafu hakusema kitu. Wakaondoka.

Wewe ulikuwa ukisema watoto wa njia hii wana akili inayowasha kama upupu. Nilichoona mimi ni ndama waliosahauliwa getini.

Jumatano, Machi 19

Mvua. Paa linavuja mahali palepale. Wanawake wa kikundi cha kanisa walikuja kuniombea, wakala, wakaomba tena, wakaangalia viti kana kwamba mnada ni kesho.

Jumamosi, Machi 22

Ndama wamerudi. Nimefunua. Wamesoma. Wamenyamaza. Wameondoka.

Jumatano, Machi 26

Kaka yako Robinson amekuja.

Nilijua ni yeye kabla hajafika mlangoni kwa sababu mbwa wa Adero alibweka kwa namna ile anayobwekea vitu visivyoeleweka. Amevaa koti jeupe la daktari alilonunua sokoni Kibuye, mfukoni limeandikwa jina la mtu mwingine. Siku hizi haendeshi harusi na matanga tu. Amekuwa Dakta Maajabu. Anazunguka na spika na fuvu la plastiki, anamimina siki juu ya magadi ndani ya chupa, povu linatoka, watoto wanapiga makofi, na wenye maduka wanamlipa ili ataje majina yao. Hii ndiyo sayansi yake, povu.

Alikaa kwenye kiti chako. Alisema, "Nyar Seme, nimekuja na wazo." Ananiita hivyo, binti wa Seme, kila anapotaka kitu, siku nyingine mimi ni shemeji tu. Wazo lenyewe ni kwamba shule zikifungwa atafanya onyesho kwenye uwanja wa hapa, na anataka ubao wa Frank uwe nyuma yake. Aandike juu yake. Watoto wameuzoea ubao ule, alisema, ni kama kanisa lao.

Nikamwambia ubao una maandishi.

Akasema maandishi ni chaki, shemeji, si Biblia.

Nilimwambia achukue chai yake barazani kwa sababu ndani panavuja. Ndani palikuwa hapavuji.

Jumamosi, Machi 29

Mvua ya asubuhi, lakini walikuja. Wamejifunika magunia ya sukari kichwani. Nilifunua upande mmoja tu. Ivy wa Wangui, yule muuza sukuma kutoka Nyeri, alimnong'oneza Debra kitu, Debra akamkanyaga mguu. Basi.

Kama wanaona ni jambo kubwa sana kwamba ziwa halijakauka, mbona hawasemi? Na kama si kubwa, mbona wanarudi?

Ijumaa, Aprili 4

Shule zimefungwa. Nimekumbuka kitu kidogo.

Ijumaa jioni ulikuwa ukinawa chaki mikononi kwenye beseni la bluu, unacheka peke yako. Nilikuuliza unacheka nini. Ulisema, "Ngoja kesho uone." Lakini kesho yake alfajiri nilikuwa stendi na magunia yangu, na nikirudi jioni wewe ulikuwa umechoka, mimi nimechoka, tunakula omena na kulala. Sikuona.

Jumamosi, Aprili 12

Leo nitaandika kirefu kwa sababu sitalala, na afadhali mkono uwe na kazi.

Robinson alifanya onyesho lake uwanjani bila ubao. Mimi nilikaa barazani. Uwanja si nyumba ya mtu, ningeweza kwenda, lakini spika yake inafika hadi Mamboleo, kwa hiyo hapakuwa na haja. Alianza na povu. Akaja na fuvu, akaliita Mzee wa Rusinga. Akasema kisiwani Rusinga yamechimbwa mabaki ya mnyama kama nyani wa zamani sana, jambo ambalo nadhani ni kweli, lakini akaongeza kwamba mnyama huyo alipenda chapati za unga wa yule mwenye duka aliyemlipa. Watoto walicheka. Wazazi pia. Mtaa mzima unaweza kuchekeshwa na chapati.

Halafu akasema, "Na nani anajua kwamba ziwa letu hili, ziwa zima, liliwahi kukauka kabisa? Mnasikia? Mngetembea kutoka hapa hadi Uganda bila kulowesha soksi."

Nilisimama. Sikukumbuka kuvaa viatu vya maana, nilikwenda na ndara za bafuni katikati ya watu wote, na wakanipisha kama wanavyompisha ng'ombe. Robinson aliniona akashusha kipaza sauti.

Nilimwambia, "Soma ubao wa ndugu yako."

Akasema, "Shemeji, karibu, kaa kwanza."

Nikamwambia sikuja kukaa. Nikamwambia ndugu yake alifundisha watoto hawa miaka yote bila koti na bila povu, na neno lake la mwisho liko pale njiani, kila mtu hapa anaweza kwenda kulisoma, na halisemi hivyo.

Nilitegemea mzaha, ana mzaha wa kila kitu, hata matanga yako aliyaendesha kwa mzaha. Lakini alisema polepole, bila kipaza sauti, "Nyar Seme, Frank alikosea hapo. Mtu hukosea."

Nikamjibu kwamba mtu anayevaa jina la mwenzake mfukoni asiseme nani amekosea.

Watu wakasema "eeh". Nilipogeuka niliwaona watoto wamekaa chini mstari wa mbele. Debra alikuwa ameuma pindo la gauni lake, macho chini. Tom alikuwa anamtazama Debra. Hata mmoja hakukutetea, Frankline. Uliwapa chaki yako na jioni zako, na hata mmoja hakuinua mkono.

Nimerudi nyumbani. Nimefunga ile nailoni kwa kamba ya pili.

Jumatatu, Aprili 14

Mvua tangu alfajiri. Mto umepanda.

Jumamosi, Aprili 19

Sikuwafunulia. Walisimama mvuani wakitazama nailoni, kisha wakaenda. Adero alinilalamikia kutoka upande wa pili wa ukuta kwamba watoto wanapata mafua. Nilimwambia awafungie basi.

Jumatano, Aprili 30

Shule zimefunguliwa juzi. Leo nimekwenda kwa Mwalimu Muriuki anayefundisha sayansi. Shule si nyumba ya mtu, hata wazee wenu hawawezi kulalamika. Nilitaka mtu aliyesoma aniandikie kwa mkono wake kwamba Robinson ni mwongo, nibandike mlangoni.

Muriuki ni kijana safi, ana kola safi, na huongea na mtu mzima kama anayemsaidia kuvuka barabara. Aliniita Mama. Alinipa kiti cha mwanafunzi. Nilimweleza, akafuta miwani, akaivaa, akaifuta tena, nikajua tayari.

Alisema ziwa letu ni pana lakini si la kina. Ni kama sinia, Mama, si kama sufuria. Watafiti walitoboa tope la chini kwa mabomba marefu, na ndani ya tope wakakuta tabaka la udongo wa nchi kavu, wenye alama za mizizi ya nyasi. Nyasi haziwezi kuota chini ya ziwa. Ni zaidi ya miaka elfu kumi hivi iliyopita, alisema, labda kumi na tano, mvua zilipungua, ziwa likakauka. Halafu mvua zikarudi, likajaa.

Nilimuuliza alilijua hili tangu lini. Alisema tangu chuo. Nikamuuliza kwa nini hakuja kukwambia wewe wakati uko hai. Alifungua mdomo, akaniangalia kwa namna ya ajabu, akaufunga. Akasema, "Mzee Frankline alikuwa na njia yake ya kufundisha, Mama. Uliza watoto."

Uliza watoto. Mtu ana shahada na anakutuma kwa ndama.

Alhamisi, Mei 1

Kwa hiyo ulikosea.

Nimekaa na neno hili siku nzima na halina ladha. Najua watu hukosea. Najua hata wewe uliwahi kuandika "KINYOZI BORA" ukaacha "o" ya pili, tukacheka mpaka ukakaa chini. Lakini hilo ulilirekebisha kwa rangi. Hili huwezi. Utabaki umekosea, na Robinson atabaki amepatia, na ndivyo mtaa utakavyokumbuka. Mwenye povu ndiye aliyekuwa na ukweli.

Nimefikiri, nimeamua. Nikiacha chaki, mvua itaimaliza. Nikiwaachia wao, wataifuta. Nitachukua brashi yako na lile kopo la rangi ya bluu lililobaki, nipite juu ya kila herufi yako kwa rangi ya mafuta. Isifutike. Kosa lako ni bora kuliko ukweli wa Robinson.

Rangi haishiki mbao yenye maji. Nangoja jua.

Ijumaa, Mei 2

Hakuna jua.

Jumamosi, Mei 3

Upepo wa usiku ulichana nailoni kona ya chini. Maneno "tangu dunia iumbwe" yamebaki ukungu. Nimeketi pale mvuani nikikinga kwa kanga mpaka nikaletewa turubai na Wangui, ambaye sikumwomba. Hakusema pole hata moja. Alifunga turubai kwa mafundo magumu akaenda kwenye sukuma zake. Huyo simdharau sana.

Watoto walipokuja nilikuwa ndani nikibadili nguo. Nilipochungulia, Debra alikuwa ameinua turubai na kuweka kiganja kizima juu ya ubao, hapo penye "halijakauka". Nilitoka na ufagio. Walikimbia wote isipokuwa yeye. Alisimama, mkono ameuficha nyuma.

Nilimwambia maneno ambayo mtoto hapaswi kuambiwa. Nilimwambia Japuonj wao aliwapenda kuliko walivyostahili. Wao ndio waliokupa jina hilo, Japuonj, mwalimu, nikalitumia kumpiga nalo.

Hakulia. Alisema, "Ndiyo, Mama," akaondoka akitembea. Nilikagua ubao. Hakuwa amefuta. Alikuwa ameweka mkono tu.

Jumatano, Mei 7

Mto umevunja ukingo. Njia ni maji. Kano, nasikia, watu wako madarasani na kuku wao. Kaburi lako liko juu kidogo, nimeuliza, limesalimika.

Ijumaa, Mei 9

Maji mpaka ngazi ya pili. Nguzo za ubao zimesimama. Uliwahi kujisifu kwamba ulizichimbia sana, nikakwambia ni ubao wa chaki, si daraja. Sawa.

Jumapili, Mei 11

Mvua. Mchungaji amelinganisha mafuriko na dhambi zetu. Anaishi ghorofani.

Alhamisi, Mei 15

Jua, nusu siku. Nimeacha ubao wazi ukauke.

Jumamosi, Mei 17

Jua limetoka tangu asubuhi, na tope la njia limeanza kupasuka kama mkate. Nilifungua kopo kwa bisibisi yako. Juu palikuwa na ngozi, chini rangi nzuri. Nilichagua brashi nyembamba, ile ya nywele laini uliyokuwa hutaki hata niisogeze.

Nilianza na "Je, wajua?" Nilipita juu ya mstari wako polepole sana, mkia wa jei nikaushusha pale ulipoushusha. Ni ajabu kupita mahali mkono wa mtu ulipopita. Nilihisi kama umesimama nyuma ukisema usikaze, shika kama unashika yai. Niliweka ile alama ya kuuliza na nukta yake chini. Bluu ilikaa vizuri. Nikachovya tena, nikaelekea kwenye "Ziwa".

Nikasikia, "Mama, usipake hapo."

Walikuwa wamesimama nyuma yangu wote, na magoti yana tope. Debra alikuwa mbele. Nilimwambia arudi kwao.

Akasema, "Mama, ni uongo."

Nilimwambia najua. Nilimwambia Robinson kasema, mwalimu kasema, na yeye sasa kasema, imetosha, kila mtu mtaa huu anajua kwamba Japuonj alikosea, na mimi napaka vilevile.

"Hakukosea," Debra akasema. "Aliuweka."

Sikuelewa. Tom ndiye aliyenieleza, huku akirudi nyuma kila sentensi kama mtu anayemlisha mbwa mgeni. Jumatatu hadi Alhamisi ni kweli. Ijumaa ni uongo. Ndiyo sheria. Kila Ijumaa Japuonj anaandika uongo mmoja uliovaa vizuri, na watoto wana jioni moja kuuliza kila mtu, mama, mwalimu, wavuvi, fundi. Jumamosi wanakuja. Mwenye ukweli anausema kwa sauti mbele ya wote, na akipatia, anafuta ubao kwa mkono wake. Hakuna kitambaa. Kwa mkono, ili chaki ikae kwenye vidole, aende nayo nyumbani waone.

"Wiki ile ya ng'ombe nilifuta mimi," Ivy akasema. "Ati ng'ombe ana matumbo manne tofauti. Ni moja, lina vyumba vinne."

"Ulisaidiwa," Tom akamwambia.

"Na wewe ulisaidiwa ile ya umeme."

Nilikuwa bado nimeinua brashi, na rangi ilikuwa inatiririka mpaka kwenye kiwiko changu. Niliuliza ni nani aliyekuwa na jibu la hili la ziwa.

Walimtazama Debra tu, na nikakumbuka kwamba Jumamosi zote hizo walikuwa wakimtazama yeye.

Alisema alimuuliza Mwalimu Muriuki Ijumaa ileile. Akalala na jibu. Asubuhi akaamka kabla ya wenzake ili awe wa kwanza, akaja mbio, na alipofika kwenye kona akawakuta watu wamejaa hapa na mwanamke mmoja anapiga mayowe. Akarudi nyumbani nalo.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Mama yetu alisema tusikuguse na maneno, utalia."

"Na wewe mwenyewe?"

Alisema, "Ulikuwa unaufunika ubao vizuri sana, Mama."

Frankline, niliketi kwenye kopo. Kopo lilikuwa wazi. Gauni langu la nyumbani sasa lina duara la bluu, na Tom alicheka kwa pua, akapigwa kiwiko, halafu mimi nikacheka, sauti ambayo sikuijua, na wakajua wanaweza.

Jumamosi zote hizo niliwaita ndama. Walikuwa wanakuja kumaliza kazi uliyowapa, wananikuta mimi na nailoni, wanasoma, wananihurumia, wanaondoka.

Nikasimama kando. Nikamwambia Debra aseme.

Alisimama wima, mikono ubavuni, kama ulivyowafundisha, nadhani. Alisema kwa sauti ya kufika barabara kuu: ziwa letu liliwahi kukauka. Likawa nchi kavu yenye nyasi. Nyasi ziliacha mizizi, na mizizi ndiyo iliyosema. Mvua ziliporudi, maji nayo yakarudi.

Wote walinitazama mimi. Kumbe kuna neno ambalo husemwa, na sikulijua. Tom akaninong'oneza. Nikalisema: "Futa."

Alifuta kwa kiganja, polepole, kutoka kulia kwenda kushoto. Jei za chaki ziliondoka. Sikuumia kama nilivyodhani. Alipofika kwenye rangi alisimama, akajaribu kwa kidole; kidole kikapata bluu, lakini herufi hazikutoka.

"Hii imebaki," alisema.

"Je, wajua?" kwa bluu, na chini yake ubao mtupu.

Jumatatu, Mei 19

Robinson amekuja kuuona. Nilimweleza sheria ya Ijumaa, nikitarajia aseme alijua. Hakujua. Alivua lile koti, akaliweka begani, akasimama pale njiani juani. Alisema walipokuwa wadogo alikuwa akimdanganya Frank kila siku, kwamba mwezi huchomoza Uganda, kwamba kamongo ni nyoka aliyeokoka, na Frank alikuwa akizunguka boma zima akiuliza mpaka amkamate. Alisema, "Kumbe hakusahau."

Akaniomba tena ubao kwa maonyesho ya Agosti. Nimekataa. Bado ni mtu wa povu. Lakini nilimpa chai ndani.

Alhamisi, Mei 22

Wazee wamekuja hatimaye, wamefanya yao, wamekula, nimeachiliwa. Nimekwenda Ahero leo na magunia mawili. Mchele nitauza siku za katikati ya wiki.

Ijumaa, Mei 23

Mvua zimepungua. Jioni hii nimesimama mbele ya ubao na chaki muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kuandika ukweli ni rahisi, unanakili tu. Uongo unataka uuvalishe. Nimeandika, kufuta, kuandika. Mwandiko wangu si wako, jei yangu ni fupi. Chini ya ile bluu nimeweka:

"Jua huchukua siku nzima kutuletea mwanga wake, ndiyo maana asubuhi huwa baridi."

Adero amepita akausoma, akasema, kweli kabisa, ndiyo sababu. Nikamwambia eeh. Debra alikuwa nyuma yake na dumu la maji kichwani. Alisoma mara mbili. Dumu lilitikisika kwa kicheko alichokibana.

Nimenawa mikono kwenye beseni la bluu. Nimejikuta nacheka.

Kesho sitakwenda popote. Nitakuwa hapa saa tatu. Wewe uliyesema ningoje nione, huko uliko, kila Jumamosi watoto wakinyamaza kabla ya mmoja kusema, unikumbuke na mimi, niliyekuwa sokoni.

Dorca